Umbali wa Mkono

Kikombe kilikuwa kizima, lakini chai ilivuja.

Tusubilege alikipeleka dirishani, akakigeuza taratibu na kukitazama kama alivyofundishwa kutazama jicho la mgonjwa, kuanzia ukingoni kwenda katikati. Kaure nyeupe, laini, haina hata doa. Hata hivyo tone la chai lilijikusanya ubavuni, mahali pasipo na kitu, likaning'inia kidogo, kisha likamdondokea gotini.

"Chai inatoroka, daktari," alisema Ambokile kutoka kwenye kiti cha wagonjwa. "Na mgeni ni mimi. Ningekuwa mkwe, ningenuna."

"Nitakumiminia nyingine."

"Acha. Pitisha ukucha hapo inapotokea."

Akapitisha. Ukucha ukanasa. Kulikuwa na ufa, mwembamba kama uzi wa buibui, ulioshuka toka ukingoni hadi karibu na kitako. Kidole kiliujua; jicho halikuujua. Kadiri alivyokodoa, ndivyo kaure ilivyozidi kung'aa.

Alipogeuka, Ambokile alikuwa ameacha utani. Juu ya meza alikuwa ametandaza tambara la pamba lililoraruka katikati.

Ambokile alikuwa mkaguzi wa waya uliovuta behewa la abiria juu ya bonde, kutoka kijiji cha Lufita hadi hapa mjini Kipembe. Kila asubuhi, kabla ya safari ya kwanza, aliuzungusha waya polepole huku ameubana kwa tambara mkononi. Vijana wa kituoni walimcheka. Walisema anafua chuma. Yeye alijibu kwamba tambara halina bosi.

"Leo limenasa," alisema. "Mahali pamoja, mara mbili. Nimepaka rangi nyekundu hapo. Nimeutazama huo waya mpaka machozi yamenitoka, msafi. Bosi Gwakisa kautazama, msafi. Nikaona nije nikuulize wewe uliyetushika macho wiki iliyopita. Macho yetu yana nini?"

Tusubilege alikitazama tena kikombe.

Wiki iliyopita alikuwa amezitia lenzi za watu wote wa mlima ule mafunzo mapya. Kila mtu mzima alivaa lenzi hai, ngozi nyembamba iliyokaa juu ya mboni na kunywa machozi, ikivimba na kunywea yenyewe ili mwenye nayo aone mbali, karibu na katikati bila kujua kwamba amebadilishiwa. Tatizo lilikuwa vumbi. Liliichubua lenzi, na watu wakalalamika kuona nyuzi nyeusi. Basi watengenezaji wakaifundisha ifute mikwaruzo yake yenyewe, yaani mstari wowote mwembamba utakaokatiza mbele ya jicho.

Hakuna aliyerudi kulalamika. Kinyume chake, sokoni kulikuwa na vicheko. Makunyanzi yalikuwa yamepotea! Wanawake waliambiana kwamba waume zao wamerudi vijana bila dawa. Gwakisa mwenyewe, mkuu wa kituo, alijitazama kwenye kioo cha kliniki mpaka mgonjwa wa nyuma yake akakohoa.

"Lenzi haijui tofauti," alisema Tusubilege hatimaye. "Inadhani ni mkwaruzo wake. Ufa, kunyanzi, uzi uliokatika, vyote inafuta. Na unapokazia macho ndipo inapofuta zaidi."

"Basi nivue. Nipe miwani kama ya babu zetu."

"Kwako haitasaidia. Kioo cha macho yako kimechongoka kama ncha ya yai. Lenzi hai inalikalia umbo hilo na kulisawazisha, lakini miwani ya kawaida hailiwezi. Nikikuvua utaona moshi tu."

"Piga simu makao makuu."

"Watajibu wiki ijayo, wakiwahi."

Ambokile alilikunja tambara lake mara nne, kwa uangalifu, kama leso ya harusi. "Behewa la saa nne lina watoto, daktari."

Alijua. Ni yeye aliyewaita. Tangu amalize chuo na kupangiwa Kipembe, alikuwa akiomba watoto wa shule ya Lufita wavalishwe lenzi bure, na leo ndiyo siku yenyewe. Alikuwa amepuliza maputo. Yalikuwa yamefungwa mlangoni, ya njano na ya bluu.

"Na kama ni grisi iliyoganda tu?" aliuliza. "Kama tambara lilinasa kwenye uchafu?"

"Inawezekana," alisema Ambokile. Hakutaka kumdanganya. "Siwezi kukuapia."

Juu ya rafu, kando ya chombo cha maua, kulikuwa na kisanduku cha mbao alichopewa na mwalimu wake siku ya mahafali. Ndani yake zilipangwa lenzi za majaribio, vioo vya duara vyenye mikono midogo, kila kimoja kimechorwa nguvu yake, pamoja na fremu nzito ya kuvipachika. Wageni walidhani ni pambo. Tusubilege alikikwapua kisanduku, akakitia kikombe kwenye mfuko wa koti jeupe, akatoka.

*

"Karibu, daktari wetu," alisema Gwakisa bila kuinuka. Alikuwa kwenye chumba cha mitambo, chupa ya chai ya tangawizi mbele yake, mkono mmoja juu ya usukani wa mwendo. "Huyu kakufulia nini leo?"

Nyuma ya uzio wa chuma, waya ulikuwa ukipita, mnene kama kifundo cha mkono, ukielekea kwenye gurudumu kubwa lililougeuza na kuurudisha bondeni.

"Unazunguka," alisema Ambokile. Sauti yake ilipasuka. "Bosi, nilikuomba uningoje!"

"Nikungoje mpaka lini? Saa nne ni saa nne. Watoto wameshapanda, walimu wameshapanda, nimetazama waya kwa macho yangu mawili, na lenzi zangu zinarekodi kila ninachokiona. Ofisi ikitaka ushahidi, huu hapa." Akajigusa kope. "Wewe una nini? Tambara."

Tusubilege hakubishana. Alichukua chupa ya Gwakisa, akamimina chai kwenye kikombe, akampa.

"Mbona unanikirimu kwa chai yangu?"

"Shika tu, mzee."

Akashika. Chai ikamtiririka kiganjani, ikaingia kwenye mkono wa sare. "Ala!" Akakinyanyua, akakigeuza, akakikodolea. "Kizima hiki."

"Tafuta inapotokea. Usitumie macho."

Gwakisa alimtazama, kisha akamtazama Ambokile, kama mtu anayehisi yuko katikati ya mchezo ambao hakuambiwa sheria zake. Akafumba macho. Kidole gumba kikatembea juu ya kaure, kikasimama. Kikarudi. Kikasimama tena palepale. Alipofumbua macho, uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Yesu wangu," alisema. Akanyoosha mkono kwenye breki.

"Polepole!" Ambokile alimdaka kifundo. "Ukivuta ghafla utaumaliza. Punguza. Punguza tena. Hivyo."

Mngurumo wa mota ukashuka, ukawa kama mtu anayekoroma, ukazima. Waya ukatikisika na kutulia. Kule bondeni, zaidi ya nusu ya njia, behewa likabembea. Simu ya upepo ikakwaruza ukutani.

"Kipembe, Kipembe, mbona tumesimama?" Ilikuwa sauti ya mwalimu, ikijitahidi kuwa ya kawaida. Nyuma yake mtoto aliuliza kama wamefika, na mwingine akamjibu, "Tumefika wapi, mjinga? Hewani?"

"Marekebisho madogo, mwalimu," alisema Gwakisa. Akaachia kitufe, akawageukia. "Sasa?"

Ambokile aliinama kwenye uzio. Alama yake nyekundu ilikuwa hatua chache kabla ya gurudumu. "Mota hii haijui kurudi nyuma. Kuwafikisha hapa lazima alama ipite juu ya gurudumu. Pale ndipo waya unapopindwa, na pale ndipo uzi uliochoka hukatika. Ikiwa nyuzi zilizokatika ni chache, utapita kwa mwendo wa kobe. Ikiwa ni nyingi, tuwaache waning'inie mpaka waokoaji wapande kutoka mjini."

"Hao watafika jioni," alisema Gwakisa. "Na upepo wa mchana wa hapa unaujua."

"Ndiyo maana nasema, anahitajika mtu wa kuzitazama nyuzi zinapopita. Zikiongezeka, apige kelele."

Gwakisa hakuweza kuacha usukani, na hakuna aliyemtazama Tusubilege. Pengine ndiyo maana alihisi ametazamwa na ulimwengu mzima.

Lenzi hai ikitoka kwenye jicho hufa kabla machozi hayajaikaukia vizuri. Nyingine hukuzwa kwa machozi ya mwenyewe, nayo huchukua miaka miwili. Na daktari wa macho asiye na lenzi hai haruhusiwi kumgusa mgonjwa, kwa sababu lenzi ndiyo shahidi wa kila anachokitenda. Akizitoa, maputo yale mlangoni yatakuwa ya nani? Watoto wale aliowaombea angewavalisha nani? Na kama ni grisi? Angekuwa amejipofusha kwa ajili ya tambara chafu, na watoto wangefika salama na kumkuta hana kazi.

Akafikiri tena, na wazo la pili lilimwumiza zaidi. Asipozitoa, na waya ukapita salama, leo hii angewavalisha watoto wale macho yasiyoona nyufa. Kwa mikono yake, huku akitabasamu.

Simu ikakwaruza. "Kipembe, upepo unaanza," alisema mwalimu.

Tusubilege akainamisha kichwa, akaweka kidole kwenye kope, akachokonoa. Lenzi ya kulia ikatoka na maumivu kama ya kung'olewa ukucha. Ya kushoto haikutaka. Akaivuta. Akaziweka kwenye leso, na dunia ikamwagika kama uji.

"Daktari," alisema Ambokile kwa upole, "umeshatenda. Sasa vaa miwani."

*

Vidole vyake vilijua kisanduku kuliko alivyodhani. Jicho lake lilikuwa la hasi tatu, lisiloona mbali, hilo alilikumbuka tangu shule. Akapachika hasi tatu kulia, hasi tatu kushoto, akaivaa fremu nzito masikioni.

Bonde likaruka mbele yake. Aliona mapaa ya Lufita, moshi wa jiko moja baada ya jingine, migomba, na behewa likining'inia kama punje ya maharage. Aliona hata rangi za nguo za wazazi waliosimama kwenye kituo cha ng'ambo. Kila kitu chenye ukali, bila kupakwa mafuta. Alitaka kulia kwa uzuri wake.

"Naona!" alisema. Akaukimbilia uzio, akainama juu ya alama nyekundu.

Palikuwa na ukungu. Waya ulionekana kama kiwavi wa kijivu mwenye manyoya.

Akakodoa. Akarudi nyuma hatua moja, akasogea tena. Uzio haukumruhusu kusogea zaidi. Uliwekwa makusudi kumzuia mtu asivutwe na gurudumu. "Sioni," alisema. "Mungu wangu, sioni kitu."

"Umevaa mtambo mzima usoni na huoni?" Gwakisa alipiga kelele, na katika kelele zile mlikuwa na hofu tupu.

"Daktari." Ambokile alinyoosha mkono wake juu ya uzio, kiganja wazi, mpaka ncha za vidole zikakaribia waya. "Waya uko hapa. Wewe umevaa ya kule."

Ndipo akaelewa kosa lake, kosa la kizazi kizima kilichobebwa na lenzi hai. Lenzi za zamani zilikuwa za nguvu moja. Kutoka juu hadi chini, ukingo hadi ukingo, kioo kilisema neno lilelile: kinakupa umbali mmoja, na umbali mwingine hakiuombi radhi. Jicho changa lenye afya lingejikaza lenyewe na kuziba pengo. Lakini msuli wa jicho lake haukuwa umefanya kazi tangu utotoni. Lenzi hai iliufanyia kazi yote mpaka ukalala. Kwa hiyo ilimbidi achague kama wazee walivyochagua. Dereva alichagua mbali, mshonaji karibu. Yeye alikuwa amevaa mbali bila kufikiri, kwa sababu mbali ndiko kila mtu hutaka kuona.

Akapiga hesabu kwa sauti, kama mwanafunzi kwenye mtihani. "Bila miwani naona wazi mwisho theluthi ya mita. Hasi tatu imenisukuma mpaka upeoni. Nataka theluthi mbili. Nusu yake. Hasi moja na nusu."

Alizichomoa lenzi, akapapasa kisanduku, akaisogeza kila moja puani ili asome namba yake. Zikaingia.

Lufita ikatoweka. Mapaa, moshi, wazazi, behewa, vyote vikarudi kuwa maziwa. Lakini waya ulisimama mbele yake kana kwamba umeletwa kwa sinia. Aliona nyuzi zilivyosokotwa, grisi iliyokaa kwenye mikunjo, chembe ya mchanga. Na pembeni mwa rangi nyekundu aliona nyuzi zilizokatika, ncha zake zimesimama kama ndevu za mzee.

"Si grisi," alisema. "Tatu. Zimekatika tatu."

Ambokile alivuta pumzi ndefu. "Tatu zinapita. Zikifika sita, sema. Bosi, mwendo wa kobe."

Mota ikakohoa, ikaanza kukoroma. Waya ukasogea. Tusubilege akasogea nao, mkono juu ya uzio, hatua ya kando, hatua ya kando, uso umeinama. Hakuthubutu kupepesa. Macho yake yaliyozoea kunyweshwa yalikuwa yakiwaka.

"Tatu," alisema. "Tatu bado."

Alama ikaanza kupanda juu ya gurudumu. Waya ukapinda. Akasikia mlio mdogo, kama mtu aliyevunja kijiti, na uzi mmoja ukaruka mbele ya macho yake na kusimama wima.

"Nne!"

"Endelea," alisema Ambokile.

Kutoka kwenye simu watoto walikuwa wameanza kuimba, pengine mwalimu amewaambia waimbe. Alizisikia sauti zao zikikaribia kwa sikio moja kutoka ukutani na kwa sikio la pili kutoka hewani. Alitamani kuinua kichwa kuwatazama. Na angeinua, asingewaona, angeona maziwa. Ili wafike ilimpasa asiwatazame.

Mlio mwingine.

"Tano! Ngoja, tano. Tano."

Gwakisa alikuwa akisali kwa kilugha, haraka haraka, mkono umeganda kwenye usukani. Ncha tano zilipanda, zikafika kileleni mwa gurudumu, zikatetemeka. Uzi wa sita ulikuwa umeinuka kidogo kutoka kwa wenzake, kama mtu anayefikiria kuondoka mkutanoni. Neno lilikuwa mdomoni mwake. Behewa lilikuwa karibu, alilisikia likilia kwenye bawaba. Kusimama sasa kungeuacha waya umepindwa palepale, uzito wote juu yake.

Haujakatika, alijiambia. Sema unachoona. Usiseme unachoogopa.

"Tano," alisema.

Alama nyekundu ikashuka upande wa pili. Waya ukanyooka. Uzi wa sita ukalala.

Kisha chuma kikagonga chuma, mlango ukafunguka, na kituo kikajaa watoto.

*

Gwakisa alikuwa ameketi sakafuni, sare imelowa chai. Ambokile alikwenda kufunga mnyororo kwenye gurudumu, ambalo lisingezunguka tena mpaka waya mpya uletwe. Alipompita Tusubilege kwa karibu alisimama, na yeye akaona uso wake: mistari miwili mirefu kando ya mdomo, mingine mingi ya uchovu chini ya macho. Wiki nzima alikuwa amezungumza na mtu asiye na uso huu.

"Unanitazama nini, daktari? Nimezeeka?"

"Sana," alisema, akacheka, machozi yakimtoka.

Kwenye leso, lenzi zake zilikuwa zimekauka kama magamba ya samaki.

Kitu kikamvuta koti. Chini yake palikuwa na doa la rangi ya samawati, sare ya shule.

"Wewe ndiye daktari wa kutuvalisha macho?"

"Nilikuwa. Sogea kidogo, nikuone. Hapo. Hapo hapo."

Mtoto alisogea mpaka umbali wa mkono, na akatokea. Msichana, meno mawili hayapo, kovu jembamba likikatiza nyusi ya kushoto.

"Naitwa Ikupa. Mbona umevaa madirisha?"

"Ili nikuone."

"Kwa hiyo hutatuvalisha?"

"Siruhusiwi kukugusa, Ikupa. Na yale macho niliyowaandalia yana kosa. Nitapigana nayo kwanza." Akafungua kisanduku. "Lakini hakuna aliyesema huwezi kushika mwenyewe. Niambie, unapenda kuona nini?"

Ikupa alifikiri. Wenzake walikuwa wakisukumana nyuma yake. "Mama," alisema. "Akiwa mbali. Huwa sijui kama ni yeye mpaka aniite."

Mbali, basi. Tusubilege alimpa lenzi moja ashike kwa mkono wake mdogo. Hapana, alisema mtoto. Akampa nyingine, kisha nyingine. Ikupa akafumba jicho moja, akaisogeza lenzi kwenye jicho la pili, akageukia bonde, na ghafla akaacha kutikisika.

"Yuko kule kituoni. Amevaa kanga ya kuku." Akaisogeza lenzi kidogo. "Ameshika kichwa."

"Mpungie mkono."

Ikupa alipunga. Tusubilege hakuona bonde, wala kituo, wala kanga. Aliona uso wa mtoto tu, wazi kabisa, pamoja na kovu lake, na hakuuondolea macho mpaka uso ule ulipofunguka.

"Ameniona," alisema Ikupa. "Daktari, amekaa chini. Sasa anacheka."